Mgonjwa Wetu wa Majaribio

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na upuuzi nao haukukubali kuachwa nyuma. Leo tulikuwa na mkutano wa kupanga toleo la Mei. Kabla sijaanza kufoka, niandike mambo yalivyo, ili siku nikisoma hapa nikiwa mzee nisidhani nilikuwa mgomvi wa bure.

Tunatengeneza mfumo wa kliniki: faili za wagonjwa, miadi, majibu ya vipimo, na sasa ujumbe wa simu wa kuwaita watu majibu yao yakitoka. Kliniki ya mtaani kwetu ndiyo inayoutumia ujumbe huo kwanza. Nyingine zitaupata Mei. Kazi zote tunazipanga kwenye programu tunayoiita Ubao. Kila kazi ni kadi, kila toleo lina safu yake, na ukitaka kuahirisha kazi unaishika kadi kwa kipanya na kuiburuta hadi safu inayofuata. Basi, imekwisha. Huulizwi kwa nini. Chini ya kila safu kuna geti la usalama wa data, na mlinzi wa geti ni mimi. Nikiidhinisha, linakuwa la kijani na toleo linatoka. Nikikataa, linabaki jekundu, na meneja wetu chakula hakimpiti kooni. Anapenda kijani kuliko mbuzi, ndiyo maana tunamwita Bwana Kijani.

Kadi yangu inasema: "Badili majina na namba za simu kwenye nakala ya majaribio." Nakala hiyo ni mfumo wa pembeni ambao mafundi wanaufanyia mazoezi, na ndani yake zimemwagwa faili za wagonjwa wa kweli, jina, namba, ugonjwa, kila kitu. Kadi niliiandika mwaka jana. Tangu hapo inapigwa danadana toleo baada ya toleo. Leo Bwana Kijani kaishika tena mbele ya macho yangu, kaiburuta hadi Juni.

"Dada, si kwamba hatuifanyi," kasema. "Ipo kwenye mpango."

Ipo kwenye mpango! Hata kifo changu kipo kwenye mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Dari inavuja juu ya meza ya mhasibu. Hiyo imetengenezwa leo leo, haikuhitaji kadi.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimegombana na mjaribu wetu, kijana mwenye akili nyingi na adabu ya kuokoteza. Kazi yake ni kujaribu kila kitu kabla hakijatoka. Akitaka kujua kama ukurasa mpya unafanya kazi, hafungui mgonjwa yeyote tu. Anamfungua mama mmoja, yuleyule kila siku, kwa sababu faili yake ni nene kuliko zote: dawa chungu nzima, vipimo vya miaka, safari za kliniki zisizohesabika. Kitu kikipita kwa huyu, anasema, kitapita kwa wote. Kambatiza jina, Mama Kurasa, na ofisi nzima inamwita hivyo. Jina lake halisi siliandiki hata hapa.

Wakati wa chakula kasema, "Leo nimemuua Mama Kurasa mara mbili na kumfufua." Alikuwa anajaribu ukurasa wa kuandikisha vifo. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Nikamwambia, "Huyo ni mtu. Ana nyumba, ana watoto."

"Dada, kwangu ni data tu."

"Basi tuweke data ya mama yako."

Wenzake wakasema leo dada kaamka vibaya. Sikuamka vibaya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wao wamemgeuza mtu kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anajifunzia hapo, halafu mkali ni mimi.

Jumatano, 19 Machi

Mjaribu kashinda asubuhi nzima akijaribu ujumbe. Kadi yangu imelala palepale. Shangazi, ninayeishi naye, kanikumbusha kuwa kesho ni siku yake ya kliniki, presha.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika kabla hasira haijapoa.

Tulifika kliniki tumelowa. Mbele yetu mapokezini alisimama mama wa rika la shangazi, tope hadi kwenye vigimbi, kamnyooshea karani simu yake.

"Soma mwenyewe! 'Majibu yako yametoka. Tafadhali fika kliniki haraka.' Jana mara tatu! Mwezi uliopita nikaitwa, nikaja, hakuna. Juzi nikaja, hakuna. Hayo majibu mmeyaficha wapi?"

"Mama, hapa huna majibu yoyote. Sisi hatujakutumia ujumbe."

"Basi kanitumia nani, shetani?"

Karani akaandika jina lake kwenye kompyuta huku akilitamka. Jina hilo nalijua kuliko majina ya binamu zangu. Naliona kila siku ofisini, kwenye skrini kubwa ukutani.

"Hizo zipuuze tu, mama," karani akamwambia. "Ni mitambo."

Yule mama akaja kuketi kando ya shangazi. Na shangazi yangu hawezi kukaa jirani na mtu bila kujua kazaa wangapi na kazika wangapi. Punde tukajua yote. Ni mshonaji, kila akiitwa anafunga chumba chake cha kushonea, wateja wanakwenda kwingine. Lakini si hilo lililomuumiza.

"Hilo neno 'haraka'," kasema. "Usiku silali. Nawaza wamekuta nini. Nimeshampigia mdogo wangu simu ya kumuaga mara mbili."

Mara mbili! Kamuaga mdogo wake kwa sababu kijana mmoja alikuwa anaangalia kama kitufe kinabonyezeka.

Sikuweza kukaa kimya. Nikamwambia, "Mama, mimi nafanya kazi wanakotengeneza mfumo huu. Ujumbe unaoupata ni wa majaribio. Hukupaswa kuupata hata mmoja. Nisamehe, nitahakikisha unakoma."

Akanitazama tangu juu hadi chini. "Majaribio. Kwa hiyo mimi ndiye panya."

Shangazi akaokoa jahazi, akamgusa shingo. "Na hiki kivimbe?"

"Kimeanza juzijuzi. Nilidhani ni uchovu."

"Basi hujaja bure. Ingia kwa daktari, shoga."

Akaingia. Walichukua kipimo, wakamwambia akitakiwa ataitwa kwa ujumbe. Yeye na shangazi wakabadilishana namba, wakaagana kama waliosoma pamoja.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeingia ofisini sijavua hata koti. Nikamuuliza mjaribu, "Ukibonyeza 'tuma', ujumbe unakwenda wapi?"

"Hauendi popote. Namba si za uongo?"

"Nani kakwambia?"

Akamtazama Bwana Kijani. Kumbe Februari, ili majaribio yaende upesi, Bwana Kijani aliamuru njia ya ujumbe ifunguliwe kwenye nakala ya majaribio. Namba ni za kweli, kadi ya kuzibadili imelala Juni, njia iko wazi. Na kwa kuwa kijana hubonyeza kwa Mama Kurasa peke yake, mzigo wote umemwangukia mtu mmoja.

Nikawaeleza niliyoyaona: tope, mdogo wake, neno "haraka". Mjaribu akashika kichwa. "Dada, naapa sitabonyeza tena." Nimemwamini, uso wake ulikuwa umesawajika.

Bwana Kijani? Alisikiliza kwa upole wote, kisha akasema, "Tukifunga njia hatutakuwa na cha kuwaonyesha wakurugenzi. Asibonyeze, inatosha. Mengine, Juni."

"Na mama wa watu?"

"Tumempa usumbufu kidogo, kweli."

Kidogo! Nimelipaka geti rangi nyekundu mbele yake. Toleo la Mei halitoki mpaka kadi yangu irudi Mei.

Ijumaa, 28 Machi

Geti jekundu. Bwana Kijani hanisalimii. Afadhali.

Jumanne, 1 Aprili

Mkutano. Nimeitwa "kikwazo". Nikamwambia geti lisilozuia ni pambo. Kasema mimi nina maneno. Ninayo, na bado sijayamaliza.

Shangazi na yule mama sasa ni chanda na pete. Kila jioni simu. Wanacheka nini sijui.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, tope, kijani, nyekundu. Nimechoka.

Jumatano, 16 Aprili

Sijawahi kuona dharau kama ya leo.

Nimefika mapema, nimekaa kwenye kiti changu, nimefungua Ubao. Geti la kijani! Nikadhani macho yananidanganya. Chini yake imeandikwa: "Imeidhinishwa na kaimu." Kaimu wa nani? Nikafungua kalenda ya mpango. Hapo nikajikuta: mimi, jina langu, niko likizo. Tangu Jumatatu hadi mwisho wa mwezi.

Ubao una huo ujanja: mtu akiwa likizo, idhini zake zinahamia kwa kaimu wake ili kazi isisimame. Ni kitu kizuri kikitumiwa na watu wazuri. Bwana Kijani kaniweka likizo, kajiweka kaimu, kajipa idhini, na mimi niko hatua tatu kutoka mezani kwake nakunywa chai.

Nikamwendea. "Niko wapi mimi?"

"Upo hapa, dada."

"Ubao unasema niko likizo."

"Ah, hilo ni la kiratiba tu. Usilichukulie moyoni."

"Umeghushi idhini yangu."

"Sikughushi. Mfumo unaruhusu."

Hapo ndipo nilipoelewa mtu huyu. Miezi yote nilidhani ni mzembe, mtu wa kusukuma mambo mbele. Sivyo. Mzembe hasomi kalenda mpaka akapata tundu la kupitia. Huyu alikaa, akafikiri, akapanga.

Nimewaandikia wakurugenzi. Wamejibu kwamba watalijadili baada ya uzinduzi.

Jumanne, 22 Aprili

Jioni hii tulikuwa tunachambua mchele, shangazi akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Shoga yangu anakusalimu. Kasema kumbe hamjaacha."

"Hatujaacha nini?"

"Ujumbe wenu. Kaupata tena, uleule, 'fika haraka'. Zamani kidogo, mwishoni mwa mwezi uliopita. Safari hii hakuhangaika hata kidogo. Kacheka, kaufuta, kaendelea kushona. Kasema sasa amewajua."

Nikamwacha shangazi na mchele wake, nikampigia mjaribu. "Tangu siku ile umebonyeza? Sema kweli, sitakugombeza."

"Dada, sijabonyeza hata mara moja. Naapa kwa mama yangu."

"Mwingine je?"

"Hakuna mwingine mwenye ruhusa. Kwani vipi?"

Kama kwetu hakuna aliyebonyeza, basi ujumbe ulitoka kliniki. Ulikuwa wa kweli. Majibu ya kile kivimbe yametoka, ameitwa haraka, na yeye kafuta, kwa sababu sisi tumemfundisha kufuta.

Nikamwambia shangazi mpigie shoga yako. Simu imezimwa. Shangazi kasema huwa anaizima mapema, tangu tulipomnyima usingizi.

Jumatano, 23 Aprili

Ubao unasema niko likizo, basi nami nikaenda likizo. Asubuhi na mapema mimi na shangazi tukaitafuta nyumba ya mama huyo kwenye mvua. Tulimkuta ameinamia cherehani, gauni la harusi limejaa mapajani.

"Karibuni! Shoga, mbona bila taarifa?"

Nikasema, "Mama, ule ujumbe wa mwisho haukuwa wetu. Ulikuwa wa kweli. Twende kliniki sasa hivi."

Hakuinuka. Aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano. "Wewe ndiye uliyeniambia ni majaribio."

"Ile ya nyuma, ndiyo. Huu hapana."

"Nitajuaje? Maneno ni yaleyale. Na nyinyi ni walewale."

Alikuwa na haki yake yote. Nimesimama pale maji yananitiririka, naona aibu iliyo ya watu wengine, na naivaa mimi kwa sababu wao hawakuja. Shangazi akaondoa gauni mapajani mwake taratibu, akalikunja, akasema, "Usimwamini huyu. Usiamini simu. Niamini mimi, mwenzio. Vaa viatu."

Akavaa.

Mganga mkuu wa kliniki, mwanamke mkavu asiye na salamu ndefu, alimwingiza mwenyewe. Walikaa sana. Mama alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, akamshika mkono, akatuambia kwa kinywa chake kwamba kivimbe ni kibaya, kinatakiwa kukatwa, na kwamba kimekua tangu siku ile ya kipimo.

Nikamuuliza mganga kwa nini hawakumpigia simu. Jibu lake lilinikata maini. "Zamani tulikuwa tunapiga. Nyinyi mlituambia ujumbe unatosha. Kwenye mfumo wenu hapa inaonyesha alama ya kijani: umefika."

Nikamweleza yote: nakala, kadi, njia iliyofunguliwa, likizo yangu ya bandia. Hakunikatiza. Mwisho akauliza meneja wangu anapatikana siku gani.

Ijumaa, 25 Aprili

Wamekuja wote wawili, mganga na mama. Bwana Kijani akawaletea chai, akaleta na maneno laini. Aliposhikwa pabaya akasema, na ninayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Tusichanganye mambo. Kiufundi ujumbe ulimfikia. Mfumo ulifanya kazi yake."

Mganga akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia. Alizungumza polepole, bila kufoka, mimi nisiyeweza hilo nikamwonea wivu.

"Ulifika, baba. Zilifika kumi na moja. Hebu nisaidie, ule wa kweli ulikuwa wa ngapi?"

Bwana Kijani akatazama chai yake. Mjaribu wetu, aliyekuwa kwenye meza yake karibu na mlango, akasimama, akaja mbele ya mama, akasema, "Zile kumi nilikubonyezea mimi." Hakuongeza neno. Mama akamtazama, akamuuliza ana umri gani, akatikisa kichwa.

Mganga kaiondoa kliniki yake kwenye toleo la Mei, na kasema hairudi mpaka wagonjwa wake watoke kwenye nakala yetu ya mazoezi. Nikadhani yamekwisha. Jioni nimefungua Ubao. Bwana Kijani ameisogeza kadi yangu: kutoka mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Juni.

Jumatatu, 5 Mei

Toleo limetoka kwa kliniki nyingine zote. Ubao wote kijani. Walileta keki, sikuila.

Alhamisi, 8 Mei

Jana yule mama alifanyiwa upasuaji. Shangazi alilala naye hospitali. Nilimwambia asinitumie ujumbe, apige.

Kapiga leo asubuhi nikiwa ofisini, nami nikaiweka simu mezani, kipaza sauti wazi, kwa kuwa mjaribu alikuwa ananing'ang'ania asikie. Upasuaji umekwenda vizuri. Kama wamekitoa chote watajua baadaye. Daktari hakutaka kuahidi. Wengine wakasogea. Bwana Kijani naye akainua kichwa.

"Anataka kukusalimu," shangazi akasema. Ikaja sauti nyingine, ya chini, imekauka.

"Mwanangu. Mmeshanitoa humo?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Ulimi ulikwisha kuinuka. Lakini mama huyu tumemdanganya vya kutosha.

"Bado, mama. Wamepanga Juni."

Akapumua. Tulisikia vyombo vya chuma vikigongana huko wodini.

"Mimi wamenikata jana," akasema. "Hakuna aliyeniambia nisubiri Juni."

Ofisi nzima ilisikia. Mjaribu hakuutazama Ubao, hakutafuta kadi, hakumwomba mtu ruhusa. Alivuta kibodi na kuifuta nakala yote, mama na maelfu ya wagonjwa wenzake, na njia ya ujumbe akaifunga. Skrini kubwa ya ukutani ikabaki tupu.

Bwana Kijani akaruka kutoka kitini. "Mnafanya nini? Maonyesho ya wiki ijayo tutatumia nini? Nani kaidhinisha?"

"Mimi," nikamwambia, wala sikugeuka.

Kisha nikaiinamia simu. "Mama, upo? Tayari. Umetoka."

"Na wenzangu?"

"Wote, mama."

"Haya," akasema. "Sasa niacheni nilale."